Jinsi ya Kutia Mkanda Katika Kamera ya Renjifainda Bila Kurudi na Filamu Tupu

Mkanda unapotoka kwenye dawa ukiwa mweupe kama kioo toka mwanzo hadi mwisho, lawama ya kwanza humwangukia aliyeusafisha. Kabla ya kumlaumu mtu, tazama pembezoni mwa mkanda. Ikiwa namba za fremu na jina la filamu, ambavyo kiwanda huviandika kwa mwanga ukingoni kabla mkanda haujauzwa, vinasomeka vizuri, basi dawa imefanya kazi yake. Kilichokosekana ni mwanga kupita kwenye lenzi na kuufikia mkanda.

Mimi husafisha filamu zangu na za wenzangu, na mikanda ya namna hiyo hunijia mara kwa mara kutoka kwa watu walioanza karibuni kutumia kamera za renjifainda, yaani zile zinazopima umbali kwa kuoanisha taswira mbili ndani ya dirisha la kutazamia. Karibu wote husimulia jambo lile lile: wenzo wa kusogezea mkanda ulikokika, yaani ulivutwa hadi mwisho, shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, ilisikika, na kihesabio cha picha kilisogea hadi 36. Yote hayo yanaweza kutokea bila mkanda kusogea hata milimita moja, kwa sababu kihesabio hufuata mwendo wa wenzo na hakijui kama kuna filamu iliyopita au la.

Kipo kifaa kimoja tu juu ya kamera kinachosema kweli kuhusu mkanda, nacho ni kirungu cha kurudishia, kile kinachozungushwa ili kuurudisha mkanda uliokwisha ndani ya kasha lake. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea kwenye kukisoma kirungu hicho. Nitatumia Leica za mfululizo wa M kama mfano mkuu, kwa kuwa ndizo zinazowasumbua watu zaidi, kisha nitaeleza kwa ufupi tofauti za kamera nyingine.

Vitu vya kuandaa

Andaa kwanza mkanda mmoja wa majaribio. Uwe mkanda ulioisha muda, au ulioharibika, au wa bei ndogo kuliko yote unayoweza kupata, kwa sababu utautia na kuutoa mara nyingi katika mwanga na hautafaa tena kwa picha. Huu ndio ununuzi wenye faida kubwa kuliko wote katika orodha hii, ingawa wanaoanza huuona kuwa ni ubadhirifu.

Andaa pia mkanda halisi wa milimita 35 utakaoutumia, mkasi mkali, pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na kalamu ya wino usiofutika. Ukiweza kupata mfuko mweusi wa kubadilishia filamu, ule wenye mikono miwili ya lastiki, utakusaidia siku ya matatizo. Usipoupata, chumba kisicho na dirisha wakati wa usiku kitatosha.

Kama mkanda ulikuwa kwenye friji, utoe saa moja au mbili kabla ya kuutumia na uuache ndani ya kikopo chake kilichofungwa. Ukiufungua ungali baridi, na hasa katika hewa ya pwani iliyojaa unyevu, matone madogo ya maji huganda juu ya filamu na kuacha madoa yasiyoondoka.

Tambua kamera yako ni ya namna gani

Kuna namna tatu, na kosa la kwanza la wengi ni kufuata maelekezo ya namna isiyo yao.

Namna ya kwanza ni Leica za mfululizo wa M. Kifuniko cha chini hutoka chote, na nyuma kuna kilango kidogo kinachoinuka ili uone bamba la kukandamiza filamu. Miongoni mwao, M3 na M2 zina spuli ya kupokelea, yaani kigurudumu kinachovingirisha mkanda uliopigwa, inayotoka nje, na M4 ya mwaka 1967 na zilizofuata, ikiwamo M6, zina spuli isiyotoka yenye vidole vitatu vilivyochanua mfano wa ua.

Namna ya pili ni kamera ambazo mgongo wake wote hufunguka au hutoka, kama vile Zorki-4, FED-2 na Canonet. Namna ya tatu ni kamera za zamani zaidi, Leica III, FED-1 na Zorki-1, ambazo hufunguka chini tu na hazina kilango chochote nyuma. Mwenye kamera ya namna hii ya tatu asiguse mkanda kabla hajasoma sehemu ya "Kamera zinazodai ulimi mrefu" hapa chini, kwa kuwa akiutia kama ulivyotoka dukani anaweza kuiharibu shata.

Hatua ya 1: Hakikisha kamera haina mkanda ndani

Zungusha kirungu cha kurudishia taratibu kwa kufuata mshale wake. Kikizunguka bure bila kukaza, kamera ni tupu au mkanda uliomo umekwisha kurudi ndani ya kasha lake. Kikikaza baada ya robo au nusu mzunguko, kuna mkanda ndani, nawe hupaswi kufungua chochote mpaka uurudishe.

Hatua hii ni ya lazima kwa kamera zilizonunuliwa mkononi, kwa kuwa si ajabu kukuta mkanda wa mwenye kamera wa kwanza umesahaulika humo kwa miaka mingi. Ukimkuta mgeni wa namna hiyo, mtendee kama mkanda wako.

Hatua ya 2: Fungua kamera kivulini

Keti mezani, mbali na jua la moja kwa moja. Kasha la filamu lina mdomo wenye kitambaa cheusi kinachozuia mwanga, lakini kitambaa hicho hakikutengenezwa kushindana na jua la saa sita. Ukiwa nje, ingia chini ya mti, na ukikosa mti ligeuzie jua mgongo ufanye kazi ndani ya kivuli chako mwenyewe.

Pindua kamera juu chini. Inua kitasa kilicho kwenye kifuniko cha chini, kizungushe, kisha uinue kifuniko na kukiweka mfukoni mwa shati. Nimewaona wapiga picha hodari wakikishika kwa meno, na sina ugomvi nao, ila mate na chumvi ya jasho havina kazi ndani ya kamera. Inua na kilango cha nyuma.

Pulizia hewa ndani mara mbili tatu huku uwazi ukielekea chini ili vumbi lianguke nje. Usiguse pazia la shata kwa kidole wala kwa ncha ya pampu. Katika kamera hizi pazia ni kitambaa chembamba, na kidole kimoja kizito kinatosha kulitoa kwenye reli zake.

Acha kifuniko cha lenzi mahali pake wakati wote huu. Kamera ya renjifainda haina kioo kati ya lenzi na pazia, kwa hiyo lenzi iliyoelekezwa juani inaweza kulitoboa pazia kwa joto, kama watoto wanavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia.

Hatua ya 3: Andaa ulimi wa mkanda

Ulimi ni kile kipande chembamba kinachochomoza kwenye kasha. Hakikisha ncha yake haijakunjika wala kuchanika. Kama imekunjika, kata milimita chache kwa mkasi, kata moja safi, na uhakikishe mkasi haupiti katikati ya tundu. Tundu lililokatwa nusu huacha vipembe viwili vinavyopenda kunasa kwenye kila kitu.

Vuta ulimi utoke kiasi cha kutosha kufika kutoka chumba cha kasha hadi kwenye spuli ya kupokelea, na usizidishe. Kila sentimita unayoivuta ni filamu inayoungua kwa mwanga. Fremu moja pamoja na nafasi yake huchukua matundu 8, yaani milimita 38, hivyo anayevuta kiganja kizima bila sababu anajinyima picha tatu au nne.

Hatua ya 4: Unganisha ulimi na spuli

Hapa ndipo mikanda mitupu huzaliwa, basi twende polepole.

Kwa M3 na M2, itoe spuli kwa kuivuta moja kwa moja kwa kishikio chake. Utaona mpasuo wenye springi bapa. Ingiza ncha ya ulimi chini ya springi hiyo mpaka ikome kabisa, na ule ukingo ulionyooka wenye matundu uguse sahani ya spuli kwa urefu wote. Kisha vuta kidogo. Ulimi ukitoka kwa mvuto mwepesi, haukuingia vya kutosha, na ndani ya kamera utatoka vilevile. Ukishika, kazi imefanyika.

Upande wenye dawa, ambao hauna mng'aro, ndio unaotazama lenzi. Upande unaong'aa hutazama mgongo wa kamera. Kwa kasha la kawaida ni vigumu kukosea, maana ile ncha ya mhimili inayochomoza hubaki upande wa chini wa kamera, yaani upande unaokuelekea sasa hivi ukiwa umeipindua.

Kwa M4 na zilizofuata, spuli haitoki. Ulimi unatakiwa uingie katika nafasi zilizo kati ya vile vidole vitatu. Ndani ya kamera kuna mchoro mdogo unaoonyesha ulimi uishie wapi, nao unastahili kuaminiwa kuliko ushauri wowote wa rafiki. Ulimi ukiwa mfupi, vidole havina cha kushika. Ukizidi kidogo na ncha ikachomoza upande wa pili, kwa kawaida mkanda bado hushikwa, lakini ncha ndefu inayoning'inia huweza kujikunja na kuleta mkwaruzo, hivyo ni afadhali kufuata mchoro.

Watu wengi huuamini mfumo huu wa vidole kupita kiasi kwa sababu unaitwa wa haraka. Uharaka wake ni kwamba hauhitaji kutoa spuli. Kukagua bado kunahitajika, na kwa kuwa hakuna springi unayoisikia ikibana, mimi huukagua hata zaidi ya ule wa zamani.

Hatua ya 5: Tumbukiza kasha na panga matundu

Shika kasha kwa mkono mmoja na, kama kamera yako ni M3 au M2, spuli kwa mkono wa pili. Ulimi ulionyooshwa kati yake uwe umekaza kidogo bila kuvutwa. Tumbukiza vyote viwili kwa pamoja, kila kimoja katika chumba chake. Kasha huingia upande wenye kirungu cha kurudishia, na spuli upande wenye wenzo. Kwa M4 na kuendelea ni kasha peke yake linalosukumwa, huku kidole cha mkono mwingine kikiongoza ulimi uingie kwenye vidole.

Usisukume kwa nguvu. Kasha likigoma, zungusha kirungu cha kurudishia kidogo ili uma wake uoane na mhimili wa kasha, nalo litazama lenyewe. Likibaki juu kwa milimita moja au mbili usijali sana, kwa kuwa kifuniko cha chini kitalikandamiza mahali pake.

Sasa tazama kupitia kilango cha nyuma. Mkanda uwe umelala sambamba na reli bila kuinamia upande mmoja, na matundu yake yawe yameingia kwenye meno ya gurudumu linalousogeza. Kama matundu yamepishana na meno, usilazimishe kwa kucha. Sogeza wenzo kidogo sana, au rudisha kirungu kidogo, mpaka tundu moja liangukie jino moja. Utaona mkanda ukishuka kidogo na kutulia.

Hatua ya 6: Koki mara moja huku ukitazama

Kamera ikiwa bado wazi, sogeza wenzo taratibu hadi mwisho wake, kisha ufyatue. Kama una M3 ya miaka ya mwanzo, kumbuka kwamba wenzo wake huvutwa mara mbili kwa kila fremu.

Unachotazama ni mambo mawili. Kwanza, meno yawe yanausogeza mkanda bila kuruka tundu. Pili, spuli iwe inaupokea na kuuvingirisha. Ukiona mkanda unatunga na kufanya kitumbo kati ya gurudumu la meno na spuli, maana yake ni kwamba meno yanausukuma lakini spuli haijaushika. Usifunge kamera ukitumaini kwamba utajirekebisha. Rudi hatua ya 4.

Najua kuna wanaoiruka hatua hii ili kuokoa fremu moja. Kwa mkanda wa picha 36 hiyo ni bima ya bei rahisi mno.

Hatua ya 7: Funga

Shusha kilango cha nyuma kilale. Chukua kifuniko cha chini, kiangike kwanza upande mmoja kwenye kishikizo cha ubavuni, kisha kilaze chote na ukifunge kwa kuzungusha kitasa. Kikikataa kulala, kuna kitu kimechomoza ndani, na mara nyingi ni kasha ambalo halijaingia sawasawa. Kukikandamiza kwa kiganja mpaka kifunge ni kupinda bati ambalo baadaye litapitisha mwanga.

Hatua ya 8: Muulize kirungu

Zungusha kirungu cha kurudishia kufuata mshale, taratibu, kwa ncha za vidole viwili tu. Kwanza kitazunguka kwa wepesi kwa sababu mkanda umelegea ndani ya kasha. Kisha utausikia ukikaza. Simama hapo hapo. Ukiendelea baada ya kukaza, unauvuta ulimi utoke kwenye spuli na kuiharibu kazi yote ya hatua ya 4.

Sababu ya kuukaza ni rahisi. Mkanda uliolegea unaweza kusogea fremu mbili au tatu nzima kwa kula ule ulegevu bila kukizungusha kirungu, na mwenye kamera akaingiwa na hofu bure. Ukishaukaza, kila kinachosogea kwenye spuli lazima kitoke kwenye kasha, na kila kinachotoka kwenye kasha lazima kizungushe kirungu.

Sasa koki, macho yakiwa juu ya kirungu. Kirungu kinapaswa kuzunguka kinyume cha mshale. Katika M3 na M2 kuna nukta mbili nyekundu juu ya mhimili wa kirungu, zilizowekwa kwa ajili ya kazi hii hasa, nazo zitaonekana zikizunguka. Kwa kamera isiyo na alama yoyote, weka nukta yako mwenyewe kwa kalamu ya wino.

Kikizunguka, mkanda unasafiri. Kisipozunguka, usipige picha hata moja. Kaza tena mara moja, koki tena, na kikikaa kimya kwa mara ya pili fungua kamera kivulini urudie toka hatua ya 4. Mkanda ambao haukusogea haujapotea: kilichoungua ni ulimi na sehemu ndogo inayofuata, na zilizobaki ndani ya kasha zote ni nzima.

Nilijifunza haya kwa gharama. Siku ya nikahi ya binamu yangu nilipiga hadi kihesabio kikavuka 36, kikafika 40, nami nikajisifu kwamba mkanda ulikuwa na ziada. Tangu siku hiyo sifurahii ziada. Mkanda wa picha 36 unaweza kutoa 37 au 38 kwa mtu aliyeutia kwa ubahili, lakini kihesabio kinachopita 40 kwa ulaini kinakuambia kwamba umekuwa ukipiga hewa.

Hatua ya 9: Fikia fremu ya kwanza

Fyatua na kukoki mpaka kihesabio kifike 1. Fremu hizi za mwanzo zimekwisha kuona mwanga, kwa hiyo zipigwe tupu huku kirungu kikiendelea kutazamwa. Katika Leica nyingi za M kihesabio hurudi mwanzo chenyewe unapofungua kamera. M2 ni tofauti, kwani kihesabio chake hurudishwa kwa mkono, na aliyesahau kukirudisha atapiga bila kujua amebakiwa na picha ngapi.

Panga kasi ya filamu, ile namba ya ISO iliyoandikwa kwenye kasha. Nyingi kati ya kamera hizi hazisomi miraba ya fedha iliyochorwa kwenye kasha, kwa hiyo usipoipanga mwenyewe kipimo cha mwanga kitafuata kasi ya mkanda uliopita. Kama kamera haina kipimo, yapo mabamba madogo ya kumbukumbu kwa kazi hiyo, na kama haina hata hayo, kata kipande cha boksi la filamu ukibandike chini ya kamera.

Mwisho, toa kifuniko cha lenzi. Dirisha la kutazamia la renjifainda halipiti ndani ya lenzi, hivyo utaiona dunia yote vizuri huku lenzi ikiwa imefunikwa gubigubi. Hii ndiyo sababu ya pili ya mikanda mitupu, nayo haitofautiki na ya kwanza kwa macho baada ya kusafisha. Hutofautika wakati wa kurudisha mkanda, kama nitakavyoeleza.

Kamera zinazofunguka mgongo wote

Zorki-4 na FED-2 hufunguliwa kwa vitasa viwili vya chini, kisha mgongo na sehemu ya chini hutoka vikiwa kipande kimoja. Kila kitu kinaonekana, na hatua ni zile zile. Ukinunua mojawapo mkononi, hakikisha kwamba spuli ya kupokelea imo ndani, kwa sababu hutoka na hupotea, na bila spuli hiyo unakuwa umenunua pambo la kabati.

Kamera hizi za Kisovieti zina sharti lake: koki kwanza, ndipo ubadilishe spidi ya shata. Ukizungusha kitasa cha spidi kabla ya kukoki unaweza kuharibu mitambo ya ndani. Kihesabio nacho hurudishwa kwa mkono.

Canonet zenye herufi QL ni rahisi kuliko zote. Weka kasha, laza ulimi juu ya gurudumu la meno mpaka ncha ifike kwenye alama iliyopakwa rangi, kisha funga mgongo. Kosa linalojirudia ni kuupitisha ulimi mbali sana kwa kudhani kwamba ukizidi ndio utashika zaidi. Fuata alama. Na hata hapa, hatua ya 8 haina msamaha.

Kamera zinazodai ulimi mrefu

Leica III, FED-1 na Zorki-1 zilitengenezwa wakati mikanda ilipouzwa ikiwa na ulimi mrefu. Ulimi wa leo ni mfupi, kwa hiyo unapotumbukiza mkanda kutoka chini, sehemu pana ya filamu inakutana na gurudumu la meno na kingo za dirisha la shata kabla haijapata njia. Ukilazimisha, matundu huchanika, na vipande vyake vidogo huangukia ndani ya shata. Nimeona shata iliyokwama kwa kipande kisichozidi punje ya mchele.

Dawa yake ni mkasi. Vuta mkanda utoke, kisha urefushe ulimi ufikie sentimita 10 hivi, yaani kama matundu 21, ukiacha safu moja tu ya matundu kwenye upande ule ule ulioachwa na kiwanda. Mkato upandishwe taratibu kwa mviringo na usiwe na kona kali, na mwisho wake upite kati ya tundu na tundu. Pitisha kidole ukingoni: kikikwaruzwa, kata tena.

Leica waliuza kiongozi cha chuma cha kukatia, kiitwacho ABLON, ambacho bado hupatikana mkononi. Kipande cha kadi ngumu ulichokikata kwa vipimo hivyo kinatosha. Baadhi ya watu hukwepa kukata kwa kupenyeza kadi ndani ya kamera ili iongoze filamu. Sishauri hivyo, kwa sababu kadi hiyo hupita karibu mno na pazia ambalo umri wake unaweza kuwa umezidi miaka 70.

Kurudisha mkanda

Wenzo ukigoma mwishoni mwa mkanda, usiusukume. Kuusukuma huchana matundu au kuung'oa mkanda kwenye mhimili wa kasha, na hapo hautarudi tena kwa kirungu, bali kwa mikono ndani ya mfuko mweusi.

Katika Leica nyingi za M, sogeza kile kiwenzo cha mbele ya kamera kwenye herufi R. Katika Zorki-4 na FED-2 ni kola inayozunguka kitufe cha kufyatulia, na katika Canonet ni kitufe kidogo cha chini. Kisha zungusha kirungu kufuata mshale, polepole, hasa siku zenye hewa kavu, maana kurudisha kwa kasi huzalisha cheche ndogo za umeme zinazoacha alama kwenye filamu.

Hesabu mizunguko. Mkanda wa picha 36 una urefu wa mita 1.6 hivi na huchukua muda kurudi. Kirungu kikilegea baada ya mizunguko miwili mitatu tu, mkanda haukuwahi kusafiri. Utie upya, kwa kuwa ungali mpya. Kikirudi kwa muda wake wote na bado filamu ikatoka tupu, mtafute mwenye makosa kwenye kifuniko cha lenzi.

Karibu na mwisho utausikia mkanda ukikaza kidogo na kisha kulegea ghafla. Hapo ulimi umeachana na spuli. Endelea mizunguko michache mpaka ulimi wote uingie ndani ya kasha, ili mkanda uliokwisha usifanane na mpya mkobani na kupigwa mara ya pili. Fungua kamera kivulini, toa kasha, na kabla hujalitia mfukoni andika juu yake ile kasi ya filamu uliyoitumia.